Mtutu Haukuwa na Matope

Faida,

Mama yako ameshakwambia habari ya kufunga mlango, habari ya mafuta ya gari, habari ya kupiga simu kila Jumapili, na unga wa muhogo ameufunga mara mbili kwenye sanduku lako kama vile Houston hakuna duka. Shangazi yako Riziki naye ameshakwambia kwamba kule Gulfton apatimenti zina kelele na watu wanaegesha magari vibaya. Kwa hayo mimi sina la kuongeza. Nina neno moja tu, nimelikalia miaka sita, na kila nikifungua mdomo kulisema unanikatiza: "It's okay, Dad." Karatasi huwezi kuikatiza. Mwandiko wangu unaujua, nimeishia darasa la sita, nivumilie.

Neno lenyewe ni hili. Bunduki haikupasuka kwa sababu yako. Hukutia matope kwenye mtutu. Ilipasuka kwa sababu ya risasi niliyoijaza mimi, kwa mkono wangu, mezani kwangu, kwa baruti ambayo siyo yenyewe. Nilijua siku ile ile. Nikakuachia wewe.

Kama unataka kusoma tena hapo juu, soma. Mimi nilipoandika hayo ilibidi ninyanyuke nikanywe maji.

Kuna watu hawataki nikwambie. Alhamisi nilikwenda kwa mchungaji nikamweleza yote, na baba mdogo wako alikuwa amekuja kutoka Plano, maana naye yuko kwenye kamati ya kanisa. Nikawaambia Jumapili ijayo nitasimama mbele ya watu niseme.

"Baba Faida," mchungaji akasema, "mtoto anaondoka na baraka. Unamtwisha mzigo wa nini?"

"Mzigo anao tayari. Mimi ndiye niliyemtwisha. Nataka kuutua."

Baba mdogo wako akacheka kile kicheko chake cha puani. "Kaka, tangu lini mzazi akamwomba mtoto radhi mbele za watu? Hiyo ni mitindo ya huku. Kesho atakuita kwa jina."

"Aniite."

"Utavuliwa ushemasi, wewe!"

"Mnivue. Kiti chenyewe kina mguu mmoja mfupi."

Halafu wakaniombea, vraiment, kweli kabisa, kama mgonjwa. Mimi sijui kukiri huku nimeinamisha kichwa, nimejaribu na shingo imekataa. Basi nitakiri na shingo yangu ngumu hivi hivi, na asiyetaka kusikia azibe masikio.

Sasa nikwambie ilivyokuwa, tangu mwanzo, maana nusu ya mambo haya wewe hukuyaona.

Mzee Wayne unamkumbuka, yule fundi wa mashine pale ghalani kazini kwetu, aliyekuwa anakupa pipi za mnanaa zenye ladha ya dawa ya meno. Yeye ndiye alinifundisha kujaza risasi, kwenye gereji yake hapa hapa Carrollton. Unaokota ganda lililokwisha kupigwa, unalisafisha, unalirudishia umbo lake kwenye ile mashine ya kuvuta kwa mkono, unapachika fataki mpya kitakoni, unapima baruti kwenye mizani ndogo, unamimina, halafu unakandamiza kichwa cha risasi juu. Moja moja, kama mtu anayekunja sambusa. Na bunduki aliyoniuzia ilikuwa ile ya kuvuta leva chini ya kifyatulio, ka-cha, ka-cha, inayokula risasi fupi za bastola. Wewe uliipenda kuliko mimi.

Mama yako aliniuliza, "Dukani zimejaa, unahangaika nini?" Nikamjibu ni nafuu. Uongo huo, ingawa ni mdogo. Ukweli ni kwamba nilikotoka mimi risasi ilikuwa kitu kinachokuja kwako. Inatoka kwa mtu mwingine, inapita ukutani, inamchukua jirani. Mimi nilizijua kwa sauti tu. Siku ya kwanza nilipoishika moja niliyoitengeneza mwenyewe, bado ina joto la kiganja changu, nikaona safari hii mimi ndiye mwenyewe. Nikajiona mwanamume. Kidogo nikaringa. Ukitaka kujua kosa lilianzia wapi, lilianzia kwenye kuringa.

Mzee Wayne alikuwa na sheria moja aliyoirudia mpaka ikachosha. Baruti moja mezani. Moja tu. Nyingine ikae kabatini, ndani ya chupa yake ya kiwandani, na jina lake juu. Alininyooshea kidole kimoja puani, nami nikawa najibu yes sir, yes sir, wewe ukawa unanicheka nyuma ya mlango.

Alipohamia kwa binti yake aliniachia chupa mbili kubwa. Moja ilikuwa ya baruti inayowaka haraka kama nyasi kavu. Nyingine ilikuwa ya ile inayowaka taratibu kama gogo. Ya haraka inatiwa kidogo sana, ya taratibu inatiwa zaidi. Ukitia ya haraka kwa kipimo cha ile ya taratibu hujajaza risasi, umetengeneza bomu. Na ganda haliwezi kukuonya, nafasi ndani yake imebaki tele, linapokea tu.

Wiki ile ile meneja wa apatimenti akabandika karatasi milangoni: watapita kukagua stoo za kila mtu. Chupa zile zilikuwa na alama za moto, nyekundu, unaziona toka mbali. Nikaogopa. Mkimbizi akiona karatasi ya ukaguzi mlangoni hafikirii, anaficha. Ningeweza kumuuliza meneja, ningeweza kupeleka chupa kwa rafiki yangu Deo, huyo unayemwita tonton kama baba mdogo, kule Fort Worth, mwenye nyumba yake na gereji yake. Badala yake nikamimina baruti kwenye makopo mawili ya maziwa ya unga, yale makubwa, yanayofanana kama mapacha. Sikuandika kitu juu yake. Ningeandika nini, na mimi naficha?

Nikajiambia nitayajua kwa mahali. La kushoto ni la haraka, la kulia la taratibu. Ndivyo nilivyokulia. Kule kambini Kigoma bibi yako alikuwa na makopo matano kwenye ubao mmoja, chumvi, sukari, magadi, sabuni ya unga na dawa ya panya, hakuna hata moja lililoandikwa. Hakuwahi kukosea. Lakini bibi yako hakuwa akiondoa makopo yake ubaoni. Mimi meneja alipokwisha kupita nilitoa kila kitu stoo nikafagia, nikarudisha. Nilirudisha yale makopo kama mtu anayerudisha maziwa, bila kutazama lipi linakaa wapi.

Hapo ningeweza kukwambia nilikosea bila kujua, na wewe ungesema it's okay, Dad. Kwa hiyo sikia hili linalofuata.

Ijumaa ile nilitoka shifti saa nane mchana nikaingia stoo kujaza risasi kumi na sita za kuwindia nguruwe pori kesho yake. Unajua baruti zinatofautiana kwa sura. Ile ya taratibu ni punje za mviringo, kama mbegu za ulezi. Ile ya haraka ni bapa, vipande vyembamba kama pumba. Nikafungua kopo la kulia, nikamimina kwenye kisahani cha mizani, nikaona bapa.

Niliona, Faida.

Nilisimama na kile kisahani mkononi. Nikajiambia ni taa, taa ya stoo ni mbaya. Nikajiambia labda mzee Wayne alibadilisha aina. Na hapo hapo simu ikalia, ni Deo.

"Wakongo! Kesho saa kumi na moja alfajiri niwakute mmeshavaa viatu. Si kunipikia chai, viatu!"

"Sisi tuko tayari tangu jana. Ninyi Warundi ndio mnasali rozari nzima kabla ya kuwasha gari."

"Tunawaombea nguruwe wasikusikie ukikohoa. Yule binti anakuja?"

"Anakuja. Nitamwachaje, ndiye anayepiga."

"Basi tutakula."

Nikakata simu nacheka. Ile hofu ilikuwa imeshanipita. Nikaendelea kumimina, kwa kipimo cha ile nyingine, kumi na sita zote. Kufungua makopo mawili na kuyatazama pamoja kungenichukua dakika moja. Hiyo dakika sikukupa.

Asubuhi unaikumbuka wewe. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, shamba la yule mzungu wa ng'ombe lote ni tope, nguruwe pori wamelichimbua kama trekta. Deo alikuwa anakutania, "Faida, leo utuachie hata mmoja, wazee nao wana heshima zao." Ulikuwa na miaka kumi na mitano. Mke wa Deo alikuwa ameshasema mara ngapi, mtoto wa kike na bunduki wapi na wapi, na mimi nilikuwa namjibu kwa kifua: huyu ni wangu, nitamfundisha ninachojua. Hilo silijutii. Kati ya yote niliyofanya, kukuchukua wewe shambani silijutii hata leo.

Tulifika kwenye ule mfereji. Hapa ndipo nataka usome polepole, kwa sababu nadhani umesahau, na mimi nilikusaidia kusahau.

Kabla hujavuka mfereji, ulisimama. Ukavuta leva ukafungua bunduki, ukatoa risasi zote ukatia mfuko wa kifuani, ukatazama ndani, ukaninyooshea mimi, mdomo wa bunduki ukitazama juu. Ukasema, "Shika, papa, hapa panateleza." Nikaishika. Ndipo ukavuka, ukateleza, ukazama mpaka kiunoni, Deo akacheka mpaka akashika mti. Ulipopanda upande wa pili nilivuka na bunduki zote mbili, yako na yangu. Nikakupa yako ikiwa kavu, ukarudisha risasi. Wewe ulikuwa na matope mpaka kiunoni. Bunduki haikuwa na tone.

Ulifanya kila kitu sawasawa. Kila kitu. Sijaona mtu mzima anafanya vizuri vile.

Halafu wale nguruwe wakatoka kwenye vichaka, ukapiga magoti, ukapiga. Mlio haukuwa mlio. Chuma kilipasuka kule nyuma, karibu na uso wako, sehemu risasi inapokaa. Ingekuwa matope mdomoni ingepasuka mbele. Mtu yeyote mwenye kujua bunduki angeitazama mara moja angejua. Kiganja chako cha kushoto kilichanika, na kipande kikaruka kulia kwako, alipokuwa amesimama Deo.

Yule mwenye shamba alifika na gari lake, akatupatia taulo, akaita ambulansi. Akaniuliza, "What happened?" Mimi nilikuwa nimeshika kichwa cha Deo. Nikainua macho, nikakuona wewe umesimama, mkono umefungwa taulo, umejaa tope kuanzia kiunoni kushuka chini. Mdomo wangu ukasema, "Mud." Neno moja, matope. Yule mzungu akatikisa kichwa. Akasema inatokea, watoto wanachomeka mtutu chini bila kujua. Akanisaidia kumalizia uongo, na yeye wala hakujua.

Kwenye gari kwenda hospitali uliniuliza, "Papa, niligusisha mdomo chini?"

Nikakujibu, "Huenda hukuona."

Nimefanya mabaya mengi, Faida. Nimempiga mama yako kofi mara moja kule kambini, analikumbuka na mimi nalikumbuka. Nimemwacha kaka yangu mkubwa njiani, mgonjwa, nikaja kusikia amezikwa. Lakini hayo nilikuwa naogopa, au nina njaa. "Huenda hukuona" nilisema nimekaa kwenye kiti laini, nimefunga mkanda, na kiyoyozi kinapuliza.

Siku ile ile jioni nilichukua zile risasi kumi na tano zilizobaki nikazing'oa vichwa, nikamwaga baruti kwenye karatasi nyeupe. Zote bapa. Baadaye nilichukua vipande vya bunduki nikavitupa kwenye chuma chakavu kule kazini, asije mtu akatazama palipopasukia. Kwa hiyo usije ukasema labda papa hakuwa na hakika. Nilikuwa na hakika kuliko nilivyo na hakika ya siku niliyozaliwa.

Deo alipoteza jicho la kulia. Pale ghalani akaondolewa kwenye foklifti, wakamweka kubandika karatasi kwenye maboksi, yeye aliyekuwa anageuza ile mashine kwenye njia nyembamba kama anacheza dansi. Mke wake akaacha kukusalimia. Unapita na sahani kwenye harusi, anageuza bega. Na wale vijana wa kwaya wakapata wimbo: "Msimpe Faida kinanda, atatia matope." Ukiangusha kijiko, "Matope hayo!" Nilikuwa nasikia. Mara moja nilikuwa nimekaa kanisani kiti cha pili, nimevaa tai, nasikia, nikajifanya natafuta andiko.

Nikaona ulivyobadilika, pole pole. Huchukui glasi, unamwachia mwingine. Mtoto wa Riziki alipozaliwa kila mtu alimpakata, wewe ukaweka mikono nyuma ukasema una mafua. Hukuwa na mafua. Na daktari alishasema vidole vyote vinafanya kazi, kovu ni la juu tu.

Lakini bado nilinyamaza. Nilisema ataolewa, atasahau. Ndivyo tunavyojidanganya sisi.

Mpaka wiki mbili zilizopita. Nilikuwa natoka bafuni, ninyi mko jikoni, nikasikia unamwambia mama yako kwamba kule Houston umebadilisha, uuguzi hapana, utachukua ile kozi ya ofisi, ya kujaza fomu za wagonjwa. Mama yako akashangaa, "Si uuguzi ndio ulikuwa unauota toka mtoto?" Ukamwambia, "Mama, mikono yangu unaijua. Siwezi kumshika mtu."

Nilibaki ukutani na taulo kichwani.

Bon, haya. Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwa Deo, Fort Worth. Nilimkuta nyuma ya nyumba anamenya ndizi, mke wake hayupo. Nikamwambia yote, kama nilivyokuandikia wewe, mpaka yale ya kuona punje bapa. Aliendelea kumenya. Alimenya tatu nzima. Halafu akaweka kisu chini, nikasema moyoni, sasa yananifika.

"Miaka sita," akasema. "Miaka sita mke wangu anamnunia mtoto wa watu ndani ya nyumba hii, na wewe unakaa pale kwenye kochi unakula mchuzi wake."

"Ndiyo."

"Unasema ndiyo tu?"

"Nina nini kingine, Deo?"

Akanigeuzia lile jicho zima. "Umemwambia Faida?"

"Bado. Nimeanza kwako."

Hapo ndipo alikasirika. Alisimama, ndizi zikamwagika. "Kwangu kwanza kwa nini? Kwa sababu mimi ni mwanamume mwenzako? Mimi nimepoteza jicho, nina lingine. Yule umemnyang'anya mikono yote miwili! Toka kwangu. Nenda kamwambie, halafu ndiyo urudi tuzungumze habari ya jicho. Ukirudi hujamwambia, nitakupiga na hiki kiti, na usidhani sioni."

Nikatoka. Hakunisindikiza mpaka kwenye gari, mara ya kwanza tangu tujuane. Sijui kama nikirudi atanipokea. Nitarudi.

Umeniona bado najaza risasi. Nilinunua bunduki nyingine kama ile, na kila nikikaa mezani wewe unanyanyuka unaondoka. Baba mdogo wako amenishauri mara mia niitupe ile mashine, kwamba ina mkosi. Sitatupa. Nikiitupa nitakuwa nimepata mtu wa tatu wa kumsingizia, baada yako na matope. Kazi ile haina kosa, ni kazi safi, inamlipa mtu kama alivyoifanya. Nakaa pale na baruti moja mezani, ndani ya chupa yake, na jina lake linanitazama. Meneja akitaka aje. Nimemwonyesha mwenyewe mwaka jana, akasoma, akasema weka mbali na jiko, akaenda zake. Dakika tatu! Hofu yangu yote ilikuwa na thamani ya dakika tatu.

Sasa unakwenda mahali ambapo watu watakulaumu. Kazini, shuleni, hata kwa Riziki, unamjua mdomo wake. Wewe una tabia, na ni mimi niliyekupa: mtu akiuliza nani kavunja, mkono wako unapanda kabla hajamaliza swali. Acha. Mtu akikwambia umekosa, mwambie aonyeshe. Palipasukia wapi, nani alikuwa ameshika, nani alipima. Hata kama ana tai. Hata kama ni mzazi wako na ana sauti nzito na anakununulia viatu. Hasa huyo. Watakuita jeuri. Kubali kuitwa jeuri, ni jina zuri kuliko lile la kwaya.

Na ukikosa kweli, maana utakosa, sema hapo hapo, mdomo haujapata neno lingine. Mimi lilinipata neno moja fupi la Kiingereza, na miaka sita nimeshindwa kulitema.

Kuna moja limebaki, na ndilo nililokuwa nalikwepa kurasa zote hizi.

Wiki tatu baada ya ajali, mkono wako bado umefungwa, tulikuwa mezani tunakula ugali na dagaa. Ukaacha kula. Ukapiga magoti pale kwenye zulia, wewe mtoto uliyekulia huku ambaye hukuwahi kumpigia mtu magoti, ukafanya kama ulivyoona mama yako anafanya. Ukasema kwa Kiswahili, polepole, ulikuwa umejifunza kwa moyo: "Papa, naomba unisamehe. Nimemwumiza tonton Deo, nimeharibu bunduki yako, nimekuaibisha."

Mama yako alikuwa analia. Na mimi nilinawa mkono, nikauweka kichwani kwako, nikasema, "Nimekusamehe, mwanangu."

Nilikusamehe kosa langu. Nilikula sahani yote iliyobaki, na mama yako akasema nina moyo mkubwa.

Ule msamaha naufuta. Ulikuwa wa wizi. Mimi sikuwa na cha kukusamehe, na hukuwa na cha kuomba, na kama kuna mtu alipaswa kuwa kwenye zulia lile unamjua sasa. Siombi unisamehe. Nakukataza hata, kwa leo. Najua utataka kuja mbio kusema it's okay, Dad, kwa sababu huwezi kuvumilia kuona mtu anasikitika. Haiko okay. Ukiniambia iko okay nitakurudishia barua usome upya.

Barua hii ni yako. Ukitaka mpelekee mke wa Deo. Wasomee kwaya. Riziki naye asome, ili asije akakunyima mtoto wake kupakata. Jumatano unakwenda kujiandikisha pale shuleni. Utakachochagua ni chako, mimi si wa kukuchagulia tena kitu. Ukitaka ile kozi ya fomu kwa sababu unapenda fomu, chukua fomu. Lakini usiichague kwa ajili ya matope. Ile mikono ilifungua bunduki, ikatoa risasi, ikanipa mimi kwanza. Mgonjwa atakuwa na bahati kushikwa nayo.

Saa hizi ni saa kumi mchana, mama yako amekwenda dukani kuongeza vitu kwenye sanduku ambalo halifungi. Uko chumbani kwako huko juu, nasikia unavuta utepe wa kufungia maboksi. Napanda sasa hivi kukupa hii mkononi, halafu nitatoka nikae hapo nje kwenye ngazi. Sitaondoka. Ukitaka kupiga kelele piga, majirani wamezoea, wiki iliyopita walikuwa wanapiga wao. Ukitaka kutupa kitu, tupa. Ukitaka kuniita kwa jina, jina langu ni Yoeli.

Njoo ukiwa na hasira yako yote, mama. Miaka sita umekuwa huna ruhusa nayo. Mimi nipo hapa ngazini.

Baba yako